Alama Katikati ya Duara

Mtaa wa Waberi,
Garissa.
Ijumaa, 21 Novemba 2025.

Mpendwa binti yangu Idman, hooyo, mama yangu,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Kabla ya neno lolote nauliza afya yako. Mgongo je, umepona tangu ujifungue, au bado unakusumbua ukimbeba mtoto? Yurub anakula? Ameota meno mangapi sasa? Kwenye picha ya mwisho niliona mashavu yamejaa, nikasema alhamdulillahi, lakini kofia ile haifuniki masikio. Mfunike masikio. Na mumeo Abdisalam, kazi yake ya zamu za usiku bado ni ile ile? Mwambie namsalimu na namwombea, na asile vitu baridi akitoka kazini.

Mimi ni mzima. Presha imeshuka, dawa nameza. Goti la kulia linalia nikiinuka kutoka kwenye mswala, lakini hilo unalijua, ni jirani wa zamani. Joto ni lile lile. Mvua ya vuli imenyesha kidogo upande wa Dadaab, hapa mjini imetutazama tu ikapita. Ukiniambia huko Bergen mvua hainyamazi wiki nzima nafikiri unanitania.

Najua unashangaa. Mama ana simu, mama anatuma sauti kila siku, sasa barua ya nini? Hooyo, kwenye simu mimi ni mwongo. Ukiniuliza hali nasema niko sawa, halafu nasikia mtoto analia nyuma yako, nasema nenda, tutaongea. Tumekuwa watu wa kusema tutaongea. Basi Awil, mtoto wa mjomba wako, anasafiri kwenda Oslo wiki hii, nimempa hii karatasi aitie posta akifika. Na usiniulize mbona Kiswahili. Kisomali changu ni cha mdomo. Kalamu nilifundishwa na mwalimu wa ngumbaro, na alitufundisha kwa Kiswahili, kwa hiyo nikiandika Kisomali mkono unasimama. Pale nilipokata kwa wino usijaribu kusoma.

Ninachotaka kukueleza ni kwa nini rafiki yako Ruweyda haji tena kwako. Wewe unaniambia ana kazi nyingi, ana masomo. Si masomo. Ni mimi mama yako, na ile kompyuta uliyoniachia. Jambo hilo hilo lilinifanya nikae humu asubuhi bila mtu hata mmoja, mimi ambaye uwanja wangu ulikuwa unajaa kabla jua halijapanda. Nilikuficha kwa sababu uko mbali na una mtoto mchanga. Sasa nimejua na wewe unakaa peke yako huko kwa ajili yangu, siwezi kuficha tena. Soma polepole, usikasirike njiani.

Tangu uolewe uondoke, sisi akina mama wa maziwa tuliendelea vile vile. Gari linatoka malishoni alfajiri na mitungi ya maziwa ya ngamia, linashusha kwangu kwa sababu friza iko kwangu. Sharifo anachuja. Kinsi anamimina kwenye chupa, na mdomo wake haufungi tangu chupa ya kwanza mpaka ya mwisho. Mimi nafukiza vyombo kwa moshi na kupika anjera ya wote. Sharifo humpendi kwa sababu ya ukali wake, najua, lakini ndiye alinishika mkono siku tulipomzika baba yako. Na wewe na bintiye Ruweyda mlilala mkeka mmoja mkiwa wadogo, mpaka Mungu akawapeleka mji mmoja wa mbali. Nilikuwa nikiwaza juu yako usiku, nasema, basi, Ruweyda yuko.

Mwaka huu mwenye duka kubwa alikuja akaonja maziwa yetu. Akasema mazuri, lakini chupa zenu ziko uchi. Anataka stika ya duara juu ya kifuniko, iwe na jina letu ikizunguka, mteja ajue ni maziwa ya nani. Kinsi akasema tupeleke kwa wachapishaji. Mimi nikasema hapana, mashine ninayo. Nilisema kwa kujivuna kidogo, nakiri. Nilikuwa nakaa nyuma yako ukitengeneza mihuri ya shule na kadi za harusi, mimi nasuka, naona maneno yanapanda kwenye mstari wa duara kama siafu kwenye ukingo wa bakuli. Nikajiambia, nimeona mara nyingi, nitaweza.

Kuona si kuweza, hooyo. Nilimwendea Kadar, yule mliyekuwa naye kwenye kibanda cha mihuri. Sasa anatengeneza simu karibu na stendi ya tuk-tuk, ameoa, ana tumbo. Alipoiona kompyuta yako akashika kichwa.

“Eeddo, shangazi yangu, hii mashine ina umri mkubwa kuliko mimi.”

“Waryaa, hata mimi nina umri mkubwa kuliko wewe na bado nafanya kazi. Washa.”

Haishiki chaji kabisa siku hizi. Ukichomoa waya tu, inakufa hapo hapo. Tukaichomeka kwake, akanikalisha kwenye kiti cha wateja.

Duara langu la kwanza lilitoka yai. La pili likatoka yai la mbuni. Kadar alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akaniwekea kidole cha kushoto kwenye kitufe cha Shift, akasema shikilia hapo, usiachie, ndipo uvute. Likatoka duara kweli, kama mtu amelichora ardhini kwa kamba na kigingi anapotaka kusimamisha aqal, nyumba yetu ya mikeka. Hapo nikapata moyo.

Maneno nayo yalikuwa na kiburi. Nikiyaandika yananyooka kama fimbo, duara liko huku, maneno yako kule. Kadar akanionyesha: chukua ile alama ya kuandikia, isogeze mpaka iguse mstari wa duara, utaona mshale unabadilika, unapata kimstari kilichopinda. Bonyeza hapo hapo. Nikabonyeza, nikaandika MAZIWA YA NGAMIA, na herufi zikainama zenyewe zikafuata duara. Hooyo, nilipiga kelele mle dukani. Watu wakadhani nimepigiwa simu ya msiba.

Kisha nikaongeza AKINA MAMA WA WABERI, neno la mwisho likaja likagonga la kwanza. Tukapunguza herufi. Sasa yale ya chini yakawa kichwa chini miguu juu, kama popo. Ikabidi kuwe na duara la pili ndani ya la kwanza, maneno ya chini yakae juu ya hilo, yageuzwe yasomeke. Halafu nikatia rangi ya kijani, maneno yote yakapotea! Nilikaa nimeshika shavu, nadhani nimeharibu kazi ya siku nzima. Kumbe hayakufutika. Kila kitu mle kina tabaka lake, moja juu ya jingine, kama mikeka ya kufunikia nyumba, na rangi nilikuwa nimeitandika juu ya maneno. Unalishika tabaka la maneno unalivuta juu, unayaona yote yako palepale.

Nakueleza haya yote na wewe unayajua kuliko Kadar. Nivumilie. Siku zile nilikuwa na furaha. Nikishika hiyo mashine, na vitufe vyake vilivyofutika pale vidole vyako vilipogusa sana, nilikuwa naona kama umetoka tu kwenda dukani.

Siku ya mwisho Kadar akatazama kazi, akasema, “Eeddo, safi. Lakini hapa katikati pako tupu kama sahani ya Ramadhani saa tisa mchana. Weka kitu.”

Nikavuta duara dogo. Nikashusha mstari mmoja chini yake, umepinda kidogo. Mimi niliona kibuyu cha maziwa ukikitazama kutoka juu, na ukanda wake unaning'inia. Wallahi ndivyo nilivyoona. Nikasema tosha, chapisha.

Wewe ulizaliwa mjini, ngamia unamjua kwenye kikombe na kwenye sufuria, kwa hiyo hapa nikueleze. Ngamia hana kitambulisho. Alama anayochomwa kwa chuma cha moto shavuni ndiyo inasema ni wa nani. Akipotea mpaka Wajir, mtu atamtazama shavu, ajue amrudishe nyumba gani. Alama ya marehemu baba yako Billow na ndugu zake ni duara dogo lenye mkia unaoshuka. Nimekaa nayo tangu siku nilipoolewa. Nimeiona kisimani, nimeiona ikichomwa kwa ndama mimi nikishika kamba. Iko kama pua yangu, mbele ya macho kila siku, na siioni.

Stika zikaja. Kinsi akabandika zote, anaimba. Chupa zikapangwa mezani, nzuri, kijani, maneno yanazunguka bila kosa. Sharifo akaingia, akachukua moja, akainamisha kichwa. Akachukua ya pili. Akaniuliza kwa sauti ya chini, na wewe unajua sauti ya Sharifo ikishuka ni hatari.

“Naa Lul, hawa ngamia ni wa nani?”

“Wa kwetu sote. Si imeandikwa?”

“Mimi sisomi. Mimi natazama. Mbona wamechomwa moto wa kina Billow?”

Nilitazama stika, na hapo ndipo nikaona. Nikaanza kusema kibuyu, ukanda, kutoka juu. Kinsi, ambaye haachi kucheka, hakucheka. Fikiria wewe mwenyewe: maziwa ya kila mtu yamevaa alama ya nyumba moja, nyumba yangu, na jina la akina mama wote linaizunguka kama walinzi. Sharifo aliweka chupa mezani taratibu akasema, “Ngamia wangu walikufa kwenye ukame na alama yangu mwilini. Nimebaki na haya maziwa ya kununua kwa watu, na hata haya umeyatia moto wako.” Akachukua mitungi yake akaenda.

Ilifaa nimfuate saa ile ile. Sikumfuata, nilidhani kesho atarudi. Lakini chupa chache zilikuwa zimeshatoka, zikafika kwenye soko la mifugo, na wanaume wa pale ndimi zao unazijua. Mmoja akamwambia Sharifo mbele ya watu, “Mama, siku hizi umekuwa mchungaji wa kina Billow?” Baada ya hapo hakuna aliyekuja. Gari likaanza kushusha mitungi kwa Sharifo. Kinsi nilikutana naye njiani, akaangalia simu yake mpaka nikapita.

Hooyo, sijui nikuandikie vipi asubuhi zile. Baada ya sala ya alfajiri nilikuwa napika anjera ileile nyingi, mkono umezoea, halafu nakaa na sinia zima mbele yangu. Mbuzi wa jirani walinenepa. Friza inaunguruma na ndani mna chupa za maji tu. Nilikuwa nafagia uwanja ambao hakuna aliyeukanyaga. Mtu akibisha geti ninaruka, ninakuta ni mtu wa kuuliza njia. Nilituma sauti kwa Sharifo nikieleza, nikaona amesikiliza, hakujibu. Wewe ukipiga simu unauliza, “Wako wapi wenzako leo, mbona kimya?” nasema wametoka sasa hivi. Huo ndio ulikuwa uongo wangu.

Kisha nikafikiri, huyu haniamini kwa maneno, na barua hasomi. Yeye amesema anatazama. Basi nimpelekee atazame. Nikaifunga kompyuta kwenye shuka, nikapanda tuk-tuk mpaka kwake.

Akafungua geti nusu. Hakunikaribisha.

“Sema hapo hapo ulipo.”

“Siwezi.”

“Kwa nini?”

“Mashine inataka stima.”

Akanitazama. Nilikuwa nimeshika waya mkononi kama mtu anayekwenda kufunga mbuzi. Angenifukuza mimi, lakini mgeni aliyekuja kuomba soketi unamwambiaje? Akafungua geti akasema, “Iko pale ukutani. Weka, onyesha, nenda.”

Nikachomeka, nikabonyeza, ikawaka ile taa ndogo, na papo hapo stima ikapotea mtaa mzima. Hooyo, nilitaka ardhi inimeze. Sharifo akasema, “Subhanallah,” akakaa chini. Na mimi nikakaa. Sikuweza kuondoka maana sijaonyesha, na yeye hakuweza kunitoa maana ameshaniambia weka.

Tulikaa mpaka kivuli cha ukuta kikafika miguuni petu. Mwishowe aliinuka, nikadhani sasa ananionyesha geti. Akarudi na birika. Akanimiminia chai nyeupe ya maziwa ya ngamia, ile ya moshi, akanisukumia kikombe.

“Kunywa,” akasema. “Hayana alama.”

Nilicheka. Sikutaka, kicheko kilinitoka tu, na chai ikanipalia. Yeye hakucheka, lakini alinigonga mgongoni, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Hapo ndipo tukaongea. Alinitajia ngamia wake waliokufa, kila mmoja kwa jina lake, na alipoangukia, na yule wa mwisho aliyemnywesha maji kwa sufuria ya nyumbani. Sikuwahi kuyasikia hayo. Miaka yote hiyo tunachuja maziwa pamoja na sikuwahi kumuuliza. Nikamwambia na mimi wa Billow waliobaki niliwauza baada ya mazishi, shemeji zangu wamehamia mpakani huko Mandera, na sidhani kama hapa karibu kuna ngamia anayetembea na alama ile tena.

Sharifo akaniongezea chai. Kisha akasema, “Naa Lul, wewe hukuchora kibuyu. Ulichora mume wako.”

Nilivuta ushungi usoni. Unajua, Idman, tangu baba yako afe nimelia na watu, nimelia kwa desturi. Siku ile nililia kwa sababu mtu ameniona.

Aliponiacha nikamaliza, akaniambia lile ambalo nililiogopa bila kulijua. Ile siku ya soko alimpigia Ruweyda simu akiwa na hasira, akamwambia asiingie tena kwenye nyumba ya binti wa watu hao. Ruweyda akamuuliza Idman amefanya nini. Sharifo akamwambia usiulize. Na yule mtoto ana adabu, akatii. Sharifo alinieleza hayo akiangalia chini. Nikamuuliza, “Walijua kitu gani hawa wasichana?” Akasema, “Hawakujua kitu.” Tukakaa na hilo katikati yetu, hooyo, na lilikuwa zito kuliko ngamia wote waliokufa.

Stima ikarudi. Nikafungua ile picha, nikamwonyesha maneno, nikamwonyesha duara kubwa, na lile dogo na mkia wake. Nilikuwa nimekusudia kufuta mwenyewe yeye akitazama, lakini mkono ulikataa. Nikaishika alama ile kwa mshale, nikamwambia, “Bonyeza wewe. Kitufe hiki.”

Akabonyeza kwa kidole cha shahada. Ikatoweka, na maneno yakabaki yakizunguka mahali patupu.

“Imekwenda wapi?” akauliza.

“Hakuna ilikokwenda. Imefutika.”

“Hairudi?”

“Inarudi. Kuna namna ya kurudi nyuma hatua moja.”

Akaiangalia kompyuta muda mrefu. Akasema, “Usirudi. Lakini ni vizuri ipo.” Kisha akawa Sharifo tena: “Sasa funga hicho kitu chako. Kabla ya mashine tulikuwa hatujawahi kugombana.”

Stika mpya zimechapishwa hivyo hivyo, katikati peupe. Mwenye duka aliuliza mbona patupu, Sharifo akamjibu, “Ni maziwa. Ulitaka yawe na rangi gani?” Mwenye duka akayachukua.

Wiki hii gari limeshusha mitungi kwangu tena. Kinsi amerudi, siku ya kwanza alikuwa anaongea kwa adabu kama yuko ofisini, lakini jana ameanza kumsema mume wake, nikajua amepona. Anjera inaisha. Nisikudanganye lakini, hooyo. Wanaondoka mapema, jua likikaa juu uwanja unakuwa mweupe na mimi ndani peke yangu na friza, na jioni ndiyo ndefu zaidi. Nimepata tena asubuhi yangu tu. Asubuhi si ndogo. Nilikaa bila hiyo nikajua.

Ndiyo maana nakuandikia. Nilipokuwa nimekaa na sinia la anjera, na wewe ulikuwa umekaa huko kwenye mvua, mume yuko kazini, mtoto mkononi, unajiuliza umemkosea nini rafiki yako. Hukumkosea. Hakuna kosa lako hata kidogo. Hata sauti yako ilikuwa imeshuka, nikaisikia, nikasema ni uchovu wa kunyonyesha. Nisamehe kwa hilo.

Sharifo amempigia Ruweyda, mimi nikiwa nimekaa pembeni, akamwambia nimeondoa neno langu, nenda kwa mwenzako. Ruweyda akamjibu mama yake, sawa, hooyo. Lakini kwa sauti yake nilijua hatakwenda. Anaona haya. Amepita mbele ya mlango wako siku nyingi bila kubisha, sasa atabisha kwa sura gani?

Kwa hiyo ufanye hivi. Usimtumie ujumbe. Ujumbe anaweza kuusoma akaulaza. Usipige simu, mtaambiana tutaongea. Mfunike Yurub masikio, pandeni basi, mwende mpaka mlangoni kwake. Huna haja ya kueleza kitu. Na akifungua nusu, akikuuliza unataka nini, mwambie mtoto amelowa anataka kubadilishwa. Atakuingiza. Ukishaingia, kaa.

Mfikishie Abdisalam salamu zangu, na Ruweyda mwambie habaryar Lul, mama yake mdogo, anamsalimu na anamwombea kwenye masomo yake. Hapa Sharifo anakusalimu, amesema niandike hivyo na amesimama nyuma yangu kuhakikisha nimeandika, ingawa hasomi. Kinsi anauliza kama kweli huko watu wanaoga na barafu. Kadar anasalimu, anasema mashine inunuliwe betri. Mbusu Yurub kwenye nyayo zote mbili, mwambie mabusu hayo yanatoka kwa bibi yake wa Garissa.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, awape afya na riziki, na awakalishe kati ya watu wanaobisha mlango wenu. Amin.

Ni mimi mama yako mzazi, nikupendaye,

Lul.